Ataanguka, Hataanguka

Mama Nusu alikuwa amebakiza watu wawili kufika dirisha la dawa, na kadi ya binti yake alikwisha kuitoa mkobani, wakati nesi mpya alipoinua macho, akamkazia, kisha akatabasamu mpaka fizi zikaonekana.

"Wewe si ndiye mama yake Hataanguka?"

Mabenchi yote yakageuka. Mzee mmoja aliyekuwa akisinzia ukutani aliguswa bega na mkewe ili naye asipitwe. Mama Nusu akajaribu kucheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka yapite, lakini nesi alikwisha kufungua mlango mdogo wa pembeni na kutoka, mikono yote miwili mbele.

"Jamani, huyu ndiye mama wa yule binti wa kwenye wimbo! Mimi nyumbani kwangu hauzimwi. Asubuhi hataanguka, jioni hataanguka, mpaka mume wangu ananiuliza kwani nani alitaka kuanguka humu ndani."

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja mwembamba, aliyempakata mtoto wa miaka kama mitano asiyeweza kuishika shingo yake mwenyewe, akainuka akasogea karibu. Hakucheka yeye. "Mama, mwekee mkono tu," alisema. "Siombi kingine. Mkono tu."

Mama Nusu akamwekea mkono. Angefanya nini? Kichwa cha mtoto kilikuwa cha moto na laini, na mama yake akafumba macho na kusema amina kabla hata hajaombewa. Mkono mwingine wa Mama Nusu bado ulikuwa umeshika ile kadi, na sasa aliikunja na kuificha kiganjani kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Haya, na leo umekuja kwetu kutafuta nini?" nesi akauliza, amerudi dirishani. "Si binti amepona?"

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini mtu akikuuliza kitu kwa furaha mbele ya watu thelathini, jibu la huzuni linakataa kutoka. Mama Nusu alikuwa nalo tayari mdomoni, maneno yale yale aliyoyasema kila mwezi kwa miaka tisa: vidonge vya mwezi, kama kawaida. Akamtazama yule mwanamke mwembamba. Akatazama chini.

"Nimekuja kurudisha kadi," alisema.

Nesi akapiga kofi moja la furaha, akaipokea kadi, akaandika neno moja kwa kalamu nyekundu, akagonga muhuri, akamshikisha tena kidogo ampige picha kwa simu. Mabenchi yakapiga makofi. Mama Nusu akatoka nje na mkoba mtupu, akakaa kwenye ukuta mfupi wa bustani. Mtu mzima mwenye akili zake timamu, ametoka kwake kwenda kumtafutia mwanawe dawa, na amerudi ameiua kadi! Alitaka kurudi ndani. Aliinuka mara mbili akakaa mara mbili. Mwishowe akaenda duka la dawa la mtaa wa pili, ambako hakuna aliyemjua, akanunua vya wiki tatu kwa hela aliyoiweka kwa ajili ya viatu vyake vya kazini.

Kosa lenyewe lilikuwa la herufi moja.

Mumewe alikuwa fundi spika. Ukipasua spika, ya kanisani au ya baa, unamletea yeye, anaivua koni, ile karatasi ya mbele inayotetemeka, anasuka upya ule waya mwembamba kama unywele, na jioni unaondoka nayo ikinguruma. Watu walimwita Fundi, na wengi hawakujua kwamba moyo wake haukuwa kwenye spika hata kidogo. Moyo wake ulikuwa kwenye gita la umeme alilorithi kwa mjomba wake, pamoja na rundo la sahani za santuri za bluzi, zile nyimbo za huzuni za Wamarekani weusi, na roki za zamani. Fundi aliupenda muziki ule na alimpenda Mungu, na hakuona kwa nini achague. Kwa hiyo aliimba Zaburi zake mwenyewe kwa gita linalolia na sauti yenye mikwaruzo, sauti ya mtu anayeburuta kabati. Makanisa matatu yalimshukuru kwa upole na kumwomba asirudi na lile gita. "Tukifumba macho, Fundi," mzee mmoja wa kanisa alimwambia, "tunajikuta baa."

Basi akaimbia chumbani. Alisimamisha godoro dirishani, akazima friji kwa sababu ya mngurumo wake, mkewe akapiga mguu kwenye ubao kushika mapigo, na binti yao Nusu, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa wa miezi saba, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Kisha waliurusha wimbo mtandaoni. Kwa miaka kumi na moja nyimbo zake zilisikilizwa na watu arobaini hivi, nusu yao wakiwa Nusu.

"Bluzi ni sala ya mtu mvumilivu," alipenda kuwaeleza. "Mstari wa kwanza unamwambia Mungu shida yako. Wa pili unarudia ule ule, maana huenda ile mara ya kwanza alikuwa anaongea na mtu mwingine. Wa tatu ndio unaomba jibu."

Wimbo ule aliutunga mwaka jana, siku Nusu alipopatwa na kifafa mara tatu kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, na wao wawili wakakaa sakafuni wamemwekea mikono chini ya kichwa. Haukuwa na ushindi wowote ndani yake. Uliimba hivi:

*Binti yangu ataanguka tena, Bwana, ataanguka tena,*
*Binti yangu ataanguka tena, Bwana, ataanguka tena,*
*Mikono yangu iko chini yake, weka na yako.*

Ila kila alipofika kwenye neno lile, Fundi aliguna kwanza. Ndivyo bluzi inavyoimbwa, mtu huguna kabla ya kusema linalouma. Kipaza sauti cha bei poa kikaichukua ile pumzi na kuibandika mbele ya neno, na sisi wasemaji wenyewe H tunaiangusha na kuiokota tupendavyo. Aliyeusikia wa kwanza akasikia *hataanguka*. Akamtumia dada yake mwenye mgonjwa. Dada akautuma kwa kikundi cha maombi. Baada ya miezi miwili ulikuwa ukipigwa redioni, kwenye maharusi, na kwenye simu za watu wasiojua hata bluzi ni nini.

Fundi alijaribu kusahihisha, tusimsingizie. Mtangazaji alipompigia simu hewani, alisema wazi, "Samahani, neno lenyewe ni *ataanguka*."

"Mmemsikia, wasikilizaji?" mtangazaji akapaza sauti. "Baba mwenyewe anathibitisha! Hataanguka!"

Fundi akaweka simu chini, akamwambia mkewe maneno ambayo Mama Nusu hakuyasahau: "Labda ni Mungu ndiye amenisahihisha." Na mkewe, ambaye alikuwa amechoka kwa miaka tisa, aliyataka maneno yale yawe kweli kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

*

Jumamosi, siku moja kabla ya mkutano mkubwa wa injili hemani, ambako Fundi alikuwa amealikwa kuimba, Mama Nusu alikuwa akipiga pasi sketi ya binti yake. Kupiga pasi ndiyo kazi iliyomlisha. Alifanya kazi kwa dobi, mashati hamsini kwa siku, na mkono wake ulijua kitambaa kama daktari anavyojua tumbo. Pasi ilipopita kwenye mkanda wa kiunoni, ikagonga kitu. Akairudisha. Ikagonga tena, vitu vingi vidogo, kama changarawe.

Akaufumua mkanda kwa wembe. Vidonge vikamwagika juu ya shuka, vingine vimeanza kuyeyuka kwa joto. Akavihesabu. Vilikuwa kumi na tisa.

Nusu aliingia akijifuta nywele kwa taulo, akaviona, na wala hakushtuka. Alikuwa na miaka kumi na minane. Shule ilimrudisha nyumbani alipoanguka mara ya tatu darasani, kwa barua nzuri yenye maneno *kwa usalama wake* mara mbili. Tangu hapo marafiki zake walikuwa mama yake, baba yake na friji. Sasa wasichana wa kwaya walimgombania wapige naye picha, na vijana waliokuwa wakimkwepa walimpigia simu kumwomba awaombee mitihani.

"Ulikuwa unavificha mdomoni," Mama Nusu alisema.

"Chini ya ulimi. Samahani, mama. Sikupenda kukudanganya."

"Nusu, mwanangu, unajua hivi vidonge ndivyo—"

"Siku kumi na tisa, mama." Msichana akakaa kitandani, akamshika mama yake mkono, na kusema kwa upole kama mkubwa anayemweleza mdogo. "Siku kumi na tisa na sijaanguka hata mara moja. Sasa niambie, nani amenishika?"

Nesi mmoja wa zamani aliwahi kumweleza Mama Nusu kwamba ugonjwa huu una ujanja, unaweza kujificha wiki nzima, hata mwezi, ukamwacha mtu akajiona mzima. Lakini utamwambiaje hivyo mtoto ambaye uso wake, kwa mara ya kwanza tangu awe mkubwa, umekunjuka?

"Watu wote wale wanaimba," Nusu akaendelea. "Mimi nikimeza, si nawafanya waongo wote? Si namfanya baba mwongo?"

"Baba yako hakuimba hivyo."

"Najua alivyoimba. Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe." Akatabasamu. "Lakini Mungu alisikia kivingine. Na wewe pia umekubali, mama. Nesi kaweka picha mtandaoni, umesimama na kadi. Imeandikwa *Amepona*."

*

Fundi alisikiliza habari hiyo akiwa ameinama mezani, koni ya spika mkononi, gundi imemkaukia vidoleni. Mkewe alipomaliza alibaki ameinama vile vile.

"Utamwambia kesho," Mama Nusu alisema. "Mbele ya watu. Akisikia kwa mdomo wako, na wao wakisikia, atakubali kumeza."

"Unajua ni mara yangu ya kwanza kualikwa?" Hakuwa akibishana. Alikuwa anasema tu. "Wameniambia nije na gita. Lile lile. Mchungaji mwenyewe amesema, njoo na gita lako, Fundi. Miaka kumi na moja nimeimba na friji iliyozimwa."

"Najua."

"Watanichukia."

"Wakuchukie," alisema mkewe. "Mimi nataka mtoto. Wakuchukie, wanichukie na mimi, wachukie na nyumba. Baba Nusu, nakuomba. Uliimba ukweli ukasikika uongo. Uimbe tena basi, usikike."

Akakubali. Tunaweza kumlaumu Fundi kwa mengi, lakini siku ile alikubali, na usiku huo huo akakaa akilifanyia mazoezi lile neno bila kuguna, kavu, kama mtu anayesoma tangazo.

*

Hema lilijaa mpaka kingo zikainuliwa. Viti vya plastiki vilikwisha, watu wakasimama. Spika nne kubwa zilikuwa kazi ya mikono ya Fundi mwenyewe, alizisuka wiki iliyopita bila malipo, na zilitoa sauti safi kuliko zote alizowahi kutengeneza. Mama Nusu alikaa safu ya kwanza karibu na binti yake, ambaye alikuwa amevaa ile sketi iliyoshonwa upya.

Fundi akapanda. Akapiga nyuzi za mwanzo na hema zima likainuka. Alipoufikia mstari wa kwanza akasogea karibu na kipaza sauti, akatamka kwa uangalifu wote alionao: *ataanguka*.

Hakuna aliyemsikia. Watu elfu mbili waliimba neno lao kwa pamoja, H imejaa kifua kizima, na sauti yake ikazama humo. Akarudia mstari wa pili kwa nguvu zaidi, mishipa imemsimama shingoni. Ikazama tena. Mstari wa tatu hakuuimba. Akaweka kiganja juu ya nyuzi, gita likanyamaza, na polepole watu nao wakanyamaza, wakidhani kuna upako maalumu unakuja.

"Mimi sikuimba hivyo," Fundi alisema. "Niliimba kwamba ataanguka. Hakuna H. Binti yangu ni mgonjwa. Anahitaji dawa zake, na ameziacha kwa sababu ya huu wimbo. Nawaomba mnisaidie kumwambia."

Mtu mmoja nyuma akasema amina, kwa mazoea tu, na wengine wakacheka, na wengine wakaanza kulia na kukemea.

Mchungaji akapanda jukwaani. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi chache, na kila alilosema aliliamini, jambo ambalo baadaye lilimuumiza Mama Nusu kuliko kama angekuwa tapeli. Alimwekea Fundi mkono begani.

"Ndugu zangu, msimhukumu. Baba anaogopa, na nani kati yetu hajaogopa?" Akamgeukia. "Fundi, wewe unatengeneza spika. Niambie, spika inajua inachosema?"

"Haijui," Fundi akajibu, kwa kuwa ndiyo kweli.

"Basi na wewe ulikuwa spika. Aliyesema ni mwingine."

Hema likalipuka. Na kabla Mama Nusu hajamshika binti yake mkono, Nusu alikwisha kupanda ngazi, akakichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa baba yake, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayempokea mzee mzigo.

"Baba yangu anaogopa," alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Mimi siogopi."

Akaanza kuimba mwenyewe. Alikuwa na sauti nzuri kuliko ya baba yake, na wazazi wake hawakuwahi kuijua. Mama Nusu alisimama pale chini na watu wote walisimama wakilia kwa furaha, naye akalia pamoja nao, na hakuna aliyeona tofauti.

*

Jumatano gari la mchungaji lilisimama mlangoni. Mama Mchungaji aliingia ndani, akakubali maji, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Alisema wamezungumza na binti, na binti ni mtu mzima, na wameona ni vyema akae kwao kwa muda, mahali ambapo imani yake haitavutwa huku na huku. Alisema *kwa muda* mara tatu.

"Kwa hiyo sisi ndio tunaomvuta," Mama Nusu alisema.

"Hapana, mama, usilichukue hivyo. Ninyi ni wazazi, mna woga wa wazazi."

Nusu alikwisha kufunga begi. Halikuwa kubwa. Mama Nusu akamfuata chumbani, akafunga mlango, na hapo akaiweka heshima yake pembeni, akapiga magoti mbele ya mtoto aliyemzaa. Alimwomba ameze kimoja tu kwa siku, asimwambie mtu, hata Mungu akitaka asimwambie. Nusu naye akapiga magoti, wakabaki hivyo wawili, wameshikana, mpaka honi ikalia mara moja, kwa adabu.

"Kila Jumapili utaniona," Nusu alisema. Akakitoa kile kifurushi cha dawa ambacho mama yake alikichomeka kati ya nguo, akakiweka mezani polepole. "Usinifanye nikukasirikie, mama. Nakupenda sana."

Mlangoni aliita, "Baba, naondoka." Fundi alikuwa chumba cha pili. Alijibu "haya" bila kutokea, na Mama Nusu alimchukia kwa neno lile moja, na alijua pia kwamba kama angetokea angeanguka yeye.

Jumapili ya kwanza walimwona kwa mbali, amekaa mbele. Jumapili ya pili wakaombwa kwa upole wakae safu za nyuma, kwa sababu waumini walikuwa wakinong'ona. Habari zilikwisha kuzagaa kwamba mama alikuwa akinunua dawa kwa siri, duka la mtaa wa pili. Mtu alimwona. Kwenye soko mwanamke mmoja alimwambia, akichagua vitunguu, "Wengine Mungu anawapa, wao wanamwambia subiri kwanza tuhakikishe." Jumapili ya tatu Fundi hakwenda. Alikuwa amerekodi wimbo upya, peke yake, akilitamka lile neno wazi kabisa. Watu sita waliusikiliza, na watatu kati yao walimtukana wakidhani ni mshenzi fulani anayemwigiza Fundi wa kweli. Akaufuta. Akarudi kwenye koni zake, na wateja waliokuja kuchukua spika zao walizijaribu palepale mbele yake kwa wimbo wake, ule wa kwanza.

Mama Nusu alikwenda mara nne kwenye geti la mchungaji. Kila mara alipokelewa vizuri, akaletewa soda, akaulizwa habari za kazi. Mara mbili alimwona Nusu, amenenepa kidogo, anafundisha watoto kuimba chini ya kivuli cha ukuta, na mara zote mbili moyo wake ulimsaliti ukafurahi. Mara ya nne alikitoa kile kifurushi, akakisogeza juu ya kitambaa cha meza.

"Niwekee tu kabatini," alisema. "Usimpe. Kiwepo tu."

Mama Mchungaji akakitazama, kisha akamtazama yeye kwa huruma ya kweli kabisa.

"Vitu hivi humu ndani havilali, mama," alisema. "Tutakuwa tumemwambia nini mtoto?"

Akakirudisha mkobani mwa mgeni kwa mkono wake, akafunga na zipu.

*

Alhamisi, kama saa nne asubuhi, Mama Nusu alikuwa kwenye shati la ishirini na mbili. Lilikuwa shati jeupe la mteja msumbufu, anayekagua kola kwa kidole. Mvuke ulikuwa umejaa chumbani, wenzake wawili walikuwa wakibishana kwa kicheko kuhusu nani aliyechoma mfuko wa suruali ya mwalimu, na tajiri wao alikuwa mlangoni akihesabu mifuko. Simu ikatetemeka kwenye aproni. Jina lililoandikwa lilikuwa la Mama Mchungaji. Akasimamisha pasi wima, akapokea.

"Mama Nusu." Sauti ilikuwa ile ile ya upole, ila ilikuwa ikihema. Nyuma yake palikuwa na mlio wa magurudumu na mtu aliyekuwa akitoa amri fupi fupi. "Mama Nusu, uko peke yako?"

"Niko kazini. Kuna nini?"

"Tuko hospitali. Tuko hapa mapokezi."

"Ameanguka?"

Magurudumu yakalia tena, karibu na simu.

"Ameanguka saa ngapi? Mama, niambie ameanguka saa ngapi!"

"Tulikuwa kwenye maombi ya alfajiri," Mama Mchungaji alisema. "Tulidhani... watu walimzunguka, tukaendelea kuomba. Tulidhani itapita. Haikupita."

Alfajiri. Mama Nusu akaitazama saa ya ukutani, akahesabu, akahesabu tena, na hesabu ikakataa kuwa ndogo. Dakika tano, waliambiwa zamani, zikizidi tano mkimbizeni. Wenzake walikwisha kunyamaza. Tajiri alikuwa ameacha mifuko, amemsogelea.

"Anaongea? Amefumbua macho? Mpe simu nimsikie."

"Mama, daktari amesimama hapa." Sasa Mama Mchungaji alikuwa akilia, na alikuwa akijaribu kulia kwa adabu, mdomo mbali na simu. "Anauliza kitu, sisi hatujui. Zile dawa zake. Zile ulizokuwa ukituletea. Zinaitwaje?"

Mama Nusu alishika ukingo wa meza ya pasi. Yalikuwepo mambo mengi ya kusema, na alikuwa na haki ya kuyasema yote.

"Kabamazepini," alisema.

"Taratibu, mama, naandika."

"Ka. Ba. Ma. Ze. Pi. Ni."

"Ka, ba..." Karatasi ikakwaruza. Mtu akasema kitu kwa haraka, mlango ukagonga, Mama Mchungaji akasema samahani, samahani daktari, kisha akarudi kwenye simu. "Kalamu imekataa. Mama Nusu, uko hapo? Rudia tangu mwanzo."

Akarudia tangu mwanzo.